Somo Juu ya Sukari ya Damu Inaposhuka kwa Mwenye Kisukari, na Jinsi Walinzi wa Mwili Wanavyoitika

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, nimeulizwa mara nyingi, na khususan Shaabani inapoingia, na watu wenye ugonjwa wa kisukari: "Sheikh, mimi nafunga wala sihisi kitu, mbona daktari anikhofisha?" Suali hili halijibiwi kwa fikihi peke yake. Mwenye kulijibu hana budi ajue kwanza mwili wafanya nini sukari ya damu inaposhuka, na kwa sababu gani mwenye kisukari aweza kuwa katika khatari kubwa naye hahisi kitu. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni chuo na madrasa. Lakini mambo haya nimeyasoma katika maneno ya matabibu na kuwauliza wenyewe miaka mingi, kwa ajili ya jambo lililotokea mbele ya macho yangu, nalo nitalitaja mahali pake.

Jua ya kuwa katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, asubuhi kabla hajala, mna sukari kadiri ya gramu 5 tu, yaani mfano wa kijiko kimoja kidogo cha chai. Kadiri hiyo ndogo ndiyo inayotembea mwilini, na ubongo waitegemea kuliko kiungo chochote. Ubongo ni kama sehemu 2 katika 100 za uzito wa mtu, nao wala kama sehemu 20 katika 100 za nguvu anazozitumia akiwa amepumzika. Kwa siku moja wahitaji sukari kadiri ya gramu 120. Na ubongo hauna ghala. Waishi kwa kile kinachopita katika damu saa ile ile, kama mtu asiyekuwa na akiba, ambaye asipopata leo hali leo.

Ghala liko katika ini. Humo sukari huwekwa kwa sura nyingine iitwayo glikojeni, kadiri ya gramu 100 kwa mtu aliyekula vizuri. Na ini lajua pia kufanya sukari mpya kutokana na vitu vingine vya mwili, ghala linapokuwa karibu kwisha. Lakini ini halifungui mlango kwa shauri lake. Hungojea amri, na amri huletwa na homoni.

Homoni ni kitu kinachotolewa na tezi kikaingia katika damu, kikachukua ujumbe hata kiungo kilicho mbali. Mfano wake ni tarishi. Katika kongosho mna mafungu madogo ya chembe yaliyotawanyika kama visiwa baharini. Aliyeyaona kwanza ni Mjerumani Paul Langerhans, mwaka 1869. Katika kila kisiwa mna chembe ziitwazo beta, nazo hutoa insulini, na jirani yake mna chembe ziitwazo alfa, nazo hutoa glukagoni. Insulini huiamrisha sukari itoke katika damu iingie viungoni, na ini lifunge ghala. Glukagoni huliamrisha ini lifungue. Hawa wawili ni majirani wa nyumba moja, na mmoja amsikiliza mwenziwe. Neno hili lishike, kwani tutalirudia.

Sasa tazama mtu mzima wa afya anavyolindwa. Hospitali zetu nyingi huhesabu sukari kwa milimoli katika lita, na kwengine huhesabu kwa miligramu katika desilita, 3.9 ya hesabu ya kwanza ni 70 ya hesabu ya pili. Mtu huyu asubuhi sukari yake huwa baina ya 3.9 na 5.5. Ikishuka ikakaribia 4.5, mlinzi wa kwanza amekwisha kufanya kazi, na kazi yake ni kuondoka: chembe za beta hupunguza insulini, ghala lisizidi kufungwa. Ikifika 3.8 hivi, hutoka walinzi wawili kwa pamoja. Mmoja ni glukagoni, ambayo huliendea ini moja kwa moja. Wa pili ni adrenalini, itokayo katika tezi zilizo juu ya mafigo. Hii huliamrisha ini na mafigo yatoe sukari, huizuia misuli isile sukari nyingi, na huzuia insulini isitoke. Baadaye kidogo hutoka kotisoli na homoni ya ukuaji. Hizi ni nzito wa mwendo. Faida yake haionekani ila baada ya saa nyingi, kwa hivyo hazimwokoi mtu katika dakika anazozihitaji.

Khabari ya adrenalini si mpya. Mjapani Jokichi Takamine aliitoa hali safi mwaka 1901, na mwaka 1924 Walter Cannon wa Marekani na wenziwe walionyesha kwa paka ya kuwa insulini ikishusha sukari, tezi za juu ya mafigo huamka. Na waliofanya insulini ya kwanza katika mji wa Toronto, mwaka 1921 na 1922, waliona sungura waliozidishiwa dawa hiyo wakitukutika na kuzimia, kisha wakiinuka walipopewa sukari. Basi dawa ile iliyowaokoa wagonjwa waliokuwa wakifa, ilijulikana tangu mwanzo ya kuwa ina upande wa pili.

Walinzi wasipoweza kuizuia, sukari ikafika 3.0 hivi, ndipo mtu anapohisi: moyo wamwenda mbio, mikono yatetemeka, ashikwa na wasiwasi, atokwa na jasho la baridi, aona njaa kali. Watu wengi hudhani alama hizi ndizo ugonjwa. Sivyo. Hizi ni kelele za walinzi, na kelele hiyo ni neema, maana humtuma mtu akatafute chakula. Ikishuka chini ya 2.8, ubongo wenyewe huanza kukosa: maneno huchanganyika, macho huona giza, mtu mpole huwa mkali, huzunguka kama mlevi. Kisha hutukutika mwili kama mwenye kifafa, kisha huzimia, na aweza kufa.

Kwa sababu ya walinzi hawa, mtu wa afya afunga tangu alfajiri hata magharibi, na sukari yake haifiki mahali pa khatari. Njaa yake ni njaa tu.

Sasa nitataja lile jambo. Mwaka mmoja, katika Ramadhani, tulikuwa na darsa baada ya sala ya alasiri. Mzee mmoja katika wanaohudhuria, mtu wa adabu na mchache wa maneno, alianza kujibu yasiyoulizwa. Kisha akamkaripia kijana aliyekaa karibu naye. Kanzu yake ilikuwa imerowa mgongoni, nasi tukadhani ni joto. Alipoanza kugugumia, mmoja wetu akasema mzee amepandwa na shetani, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikaamrisha asomewe Yasini na udi ufukizwe. Tukapoteza karibu nusu saa. Akaja mwanafunzi wetu ambaye mchana alifanya kazi ya uuguzi, akamtazama, akauliza, "Mzee huyu apiga sindano?" Tukasema ndiyo. Akataka maji na sukari upesi, akamtazama kama aweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Haikupita robo saa, mzee akatutazama, akauliza kwa nini tumemzunguka.

Kisomo ni kheri, wala mimi sikusema haya kukitia ila. Lakini kisomo hakimkatazi mtu kupewa maji ya sukari. Kilichonikaa moyoni ni maneno aliyotuambia baadaye. Alisema ya kuwa siku za mwanzo za mwezi, jioni alikuwa akitetemeka na kutoka jasho, akasubiri hata adhana. Kisha siku zilivyokwenda, kutetemeka kukaisha. Akashukuru, akidhani mwili umezoea funga. Na mimi ndiye niliyewasomesha mwaka ule fadhila za kusubiri juu ya mashaka ya njaa, wala sikubagua baina ya mzima na mgonjwa.

Mwili wake haukuzoea funga. Walinzi wake walikuwa wamenyamaza, na namna walivyonyamaza ni hivi.

Amma mlinzi wa kwanza, kazi yake ni insulini kupungua. Lakini insulini ya sindano haikutoka katika kongosho. Imekwisha kuingia chini ya ngozi, na itaendelea kuingia katika damu kwa kadiri iliyotiwa, sukari ikiwa 10 au ikiwa 2. Haisikii. Na vidonge vya jamii ya glibenklamidi, ambavyo hulilazimisha kongosho litoe insulini, vina tabia kama hiyo: hulilazimisha hata pasipokuwa na haja. Metifomini si hivyo. Ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari hata ikaleta dhara. Kwa hivyo mgonjwa na ajue jina la dawa yake, asiseme tu "nameza vidonge vya sukari".

Amma wa pili, glukagoni, mwaka 1973 John Gerich na wenziwe katika Marekani walionyesha jambo la ajabu: wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambao chembe zao za beta zimekufa, sukari yao ikishuka glukagoni haitoki. Na chembe za alfa zi hai! Mambo mengine yakizitikisa, hutoa glukagoni kama kawaida. Kwa sukari kushuka tu ndipo zinapolala. Sababu kubwa wanayoitaja wataalamu ni ule ujirani nilioutaja. Chembe ya alfa hujua ya kuwa khatari imekuja kwa kuona insulini ya jirani yake imepungua ghafula. Jirani akiwa amekufa, hapana kilichopungua, basi hapana aliyeamshwa. Hali hii huja katika miaka michache ya mwanzo ya ugonjwa wa aina hiyo. Mwenye aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wazima wengi katika miji yetu, walinzi wake huwa wazima zamani za mwanzo. Lakini miaka ikipita, kongosho likichoka hata akahitaji insulini, hali yake huielekea ile ya kwanza.

Basi amesalia adrenalini, naye ndiye tegemeo. Katika hili yapasa kusimama kidogo. Mwaka 1991 Simon Heller na Philip Cryer, katika mji wa St. Louis, waliwachukua watu wazima wasiokuwa na kisukari, wakawashusha sukari alasiri moja kwa dawa. Asubuhi yake wakawashusha tena. Mara ya pili adrenalini ilitoka chache kuliko ilivyostahili, na alama walizozihisi zilikuwa dhaifu. Mara moja tu ilitosha kumfanya mlinzi awe mzito! Cryer akabainisha baadaye ya kuwa kwa mwenye kisukari mambo haya huwa duara: sukari hushuka, mlinzi hunyamaza; kwa kuwa amenyamaza, sukari hushuka tena bila ya kujulikana; na kila ikishuka, mlinzi huzidi kunyamaza. Kelele huja wakati sukari imekwisha kuwa chini mno, au haiji kabisa, na cha kwanza kinachoonekana ni akili kupotea. Mtu aliyefika hapo, khatari yake ya kuanguka vibaya huwa kama mara sita ya mwenziwe anayehisi.

Ndiyo khabari ya mzee wetu. Kila jioni aliyoisubiria alikuwa akimfundisha mlinzi wake kulala.

Vipo na vitu vingine vinavyomlaza. Usingizi wenyewe hupunguza adrenalini, kwa hivyo mtu huweza kushuka usiku asiamke; mkewe akiona nguo za kulalia zimerowa, au mume ameamka kichwa chamuuma naye amechanganyikiwa, asilipuuze. Kazi nzito ya mwili leo hudhoofisha kuitika kwa kesho, na wachukuzi na mabaharia walijue hili. Na dawa za moyo na shinikizo la damu za jamii ya propranololi huficha mapigo ya moyo na kutetemeka, lakini jasho haliondoki. Basi anayezitumia na alitazame jasho.

Huenda mtu akasema: "Je, mlinzi akilala ndiyo basi, haamki?" Jawabu: huamka, na hii ndiyo khabari njema ya somo hili. Katika mwaka 1993 na 1994, wataalamu wa Italia, Uingereza na Marekani, kila mmoja kwa upande wake, waliwatunza wagonjwa wasiokuwa wakihisi, wakahakikisha sukari yao haishuki hata kidogo. Baada ya wiki mbili tatu kwa wengine, na miezi michache kwa wengine, alama zikarudi kuhisiwa. Adrenalini nayo yaweza kurudi, ijapokuwa si kamili. Glukagoni hairudi. Basi mtu anayejikuta hahisi tena alivyokuwa akihisi, asingojee. Aende kwa daktari amwambie maneno hayo hayo, ili kadiri ya dawa ipunguzwe au ibadilishwe.

Na akisema mwengine: "Mimi najijua mwili wangu, sina haja ya mashine," mwambie ya kuwa kujijua huko kwategemea mlinzi ambaye huenda amelala. Tone moja la damu katika ncha ya kidole ndilo shahidi. Wala kujitoboa kidole hakubatilishi funga. Katika madhehebu yetu ya Shafi hata hijama, yaani kupigwa chuku, haibatilishi, sembuse tone moja. Na Baraza la Fikihi la Kiislamu lililokutana Jidda mwaka 1997 liliamua ya kuwa sindano ya dawa ya ngozini au ya msulini haifunguzi, illa ikiwa ni ya kulisha. Basi hapana udhuru kwa anayeacha kupima ati kwa kuilinda funga yake.

Mwaka 2001 ulifanywa uchunguzi katika nchi 13, kwa wagonjwa Waislamu zaidi ya 12,000. Wakaona ya kuwa katika Ramadhani, kushuka kukali kwa sukari hata mtu akalazwa hospitali kulizidi kadiri ya mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Na sasa unajua kwa nini alasiri ndiyo saa mbaya: insulini ya sindano yaendelea kuamrisha, glukagoni haiji, na ghala la ini limepungua tangu alfajiri.

Hukumu ya sheria haina shida. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185. Na maulamaa wetu wamesema, akiwemo Imamu Nawawi, ya kuwa mgonjwa ambaye funga yamletea dhara kubwa aruhusiwa kula. Na akikhofia kuangamia, kula kwamuwajibikia, na kujizuia kwake ni maasi. Mwenye tamaa ya kupona hulipa siku nyingine. Na ambaye matabibu waaminifu wamesema ugonjwa wake hautarajiwi kumwachia nafasi ya kufunga, hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mwenye hali nyepesi ambaye daktari wake amemwambia aweza kufunga, na aweke nia usiku, kisha apime mchana na khususan alasiri. Akikuta chini ya 3.9 afungue saa ile ile, ijapokuwa hahisi kitu, na ijapokuwa muadhini amekwisha kupanda kungojea jua lizame. Kipimo hicho ndicho walichokiagiza matabibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, pamoja na kufungua ikipanda ikapita 16.6. Asiseme "bado dakika kumi". Katika dakika kumi hizo aweza kukosa akili ya kukumbuka ya kuwa yahitaji kufungua.

Na namna ya kufungua, au ya kumsaidia aliyeshikwa siku yoyote, ni hii. Ampe sukari gramu 15 hata 20, kama vijiko vitatu vinne vidogo vilivyokorogwa katika maji. Halua haifai kwa kazi hii, wala sambusa, maana samli huichelewesha sukari tumboni. Na kahawa chungu haina kitu. Angojee dakika 15, apime tena. Ikiwa haijapanda arudie. Ikipanda, ndipo ale chakula, kwani dawa ingali mwilini na huenda ikaishusha upya. Aliyezimia hatiwi kitu kinywani, asije akapaliwa akafa. Alazwe kwa ubavu, apelekwe hospitali mbio, ambako atapewa sukari kwa mshipa au sindano ya glukagoni. Na hiyo glukagoni hufanya kazi kwa kufungua ghala la ini, kwa hivyo kwa mtu aliyekaa na njaa muda mrefu huenda isifae sana. Mbio ni lazima hata hivyo.

Wengi kwetu wakimwona mwenye kisukari ameanguka husema, "Sukari imempanda," wakamnyima hata maji matamu. Kama hapana mashine ya kupimia, naye anatumia insulini au vidonge vile, na aweza kumeza, mpe sukari. Ikiwa ilikuwa imepanda, vijiko vitatu havitamzidishia dhara kubwa. Na ikiwa ilikuwa imeshuka, kumnyima ndiko kutakakomuua.

Mzee wetu aliishi miaka mingine. Hakufunga tena Ramadhani, akawa hutoa vibaba vyake mapema, na katika mfuko wa kanzu hakukosa sukari iliyofungwa katika karatasi. Kijana aliyekaripiwa siku ile ndiye aliyekuwa akimuuliza, kila alasiri kabla ya kufungua kitabu, kama amepima.

Wallahu aalam.